Kuaminiana Pasipo Kulingana: Serikali, Mashirika na Vijiji vya Mpakani Ngara, 1993–1998

Kitenzi -amini ni miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kiliyapokea kutoka Kiarabu na kuyatia katika mfumo wake. Jamaa zake, imani na amana, walikuja kwa njia hiyo hiyo. Lakini -aminika, -aminisha na -aminiana ni wazaliwa wa hapa, waliopatikana kwa unyambuaji wa Kibantu. Umbo la mwisho ndilo linalohusika na mada hii. Kauli ya kutendana huwaweka watendaji wake katika usawa wa kisarufi: wa kwanza humwamini wa pili kama wa pili amwaminivyo wa kwanza. Sentensi ya namna hiyo haina mahali pa kuonyesha kwamba mmoja ana ghala na mwenziwe ana njaa, wala kwamba mmoja anaweza kuondoka kesho na mwingine hana pa kwenda.

Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, inafaa sana kwa uchunguzi wa jambo hili. Kuanzia Oktoba 1993 hadi Desemba 1996 palikusanyika katika eneo hilo dogo vyombo ambavyo si kawaida kukutana: Serikali ya Tanzania na idara zake, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), Mpango wa Chakula Duniani, vyama vya Msalaba Mwekundu, mashirika ya kujitolea kutoka Ulaya na Marekani, makanisa, uongozi wa wakimbizi wenyewe, na serikali za vijiji. Kila kimoja ama kilitunga kanuni ama kilitii kanuni zilizotungwa na kingine. Vyote vilisema kwamba vinashirikiana. Linalostahili kuulizwa ni hili: katika ushirika wa wasiolingana, nani alilazimika kumwamini nani, na kwa sababu gani?

Nchi iliyozoea maamuzi ya mbali

Ngara imeundwa hasa na himaya mbili za kale, Bugufi na Bushubi, na lugha zake, Kihangaza na Kishubi, ni ndugu wa karibu wa Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Msemaji wa Kihangaza na msemaji wa Kirundi husikilizana bila mkalimani. Majina ya mahali yanaudhihirisha undugu huo: Murusagamba na Murukurazo yanaanza na mu- ya mahali, ambayo mjuzi yeyote wa Kiswahili ataitambua kuwa ni dada wa mu- yetu ya ndani. Mpaka wa kimataifa ulipita katikati ya udugu huo. Wakati wa utawala wa Wajerumani Bugufi ilihesabiwa upande wa Urundi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaangukia Tanganyika chini ya Waingereza, wakati Gisaka, iliyokuwa imekatwa kutoka Rwanda kwa namna hiyo hiyo, ilirudishwa kwa Wabelgiji. Wahangaza hawakuulizwa. Kata kama Murusagamba, kusini mwa wilaya na jirani na Burundi, zilirithi mstari uliochorwa na watu ambao hawakuwa na shamba wala mkwe upande wowote.

Wakimbizi nao hawakuwa wageni kwa Ngara mwaka 1993. Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kati ya 1959 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 walipewa makazi huko Muyenzi. Katika kipindi hicho ndipo ulipozaliwa utaratibu wa pande tatu uliokuja kuiletea Tanzania sifa: Serikali ilitoa ardhi na sheria, UNHCR ikatoa fedha, na shirika la Kilutheri la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964, likatenda kazi. Kisheria, mamlaka yote yalikuwa mkononi mwa Waziri, kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Wakimbizi ya mwaka 1965. Jina hilo lilikuwa kweli tupu, kwani sheria ilihusu udhibiti na ilisema machache mno kuhusu haki. Hata hivyo kwa miaka mingi ukali wa sheria haukuonekana, kwa kuwa ardhi ilikuwapo, idadi ilivumilika, na siasa ya Mwalimu Nyerere iliwapokea wakimbizi kama Waafrika wenzetu. Mwaka 1983 Mwalimu alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa ajili hiyo. Pande tatu zile hazikulingana hata kidogo, lakini hapakutokea jambo zito la kuzipima.

Siku moja na usiku wake

Mizani ililetwa na mauaji mawili ya marais. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa na wanajeshi, na Warundi kwa maelfu wakavuka kuingia Kagera na Kigoma. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa Kigali, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Majeshi ya RPF yalipofika mashariki mwa Rwanda, wakazi wengi wa huko, wengi wao Wahutu, waliondoka wakiongozwa na wakuu wao wa komini. Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 kwa makadirio ya UNHCR walivuka daraja la Rusumo. Hapajapata kuandikwa kabla ya hapo msafara wa wakimbizi wengi namna ile kwa muda mfupi namna ile. Walielekezwa mahali palipoitwa Benaco, jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara na kuacha nyuma yake kambi ya wafanyakazi. Katika miezi iliyofuata wakimbizi wa Ngara walizidi wakazi wote wa wilaya kwa idadi.

Yaliyofuata yalisifiwa. Miezi mitatu baadaye, mwezi Julai, wimbi jingine la Wanyarwanda liliingia Goma, nchini Zaire, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Ngara haikupatwa na msiba wa kiasi kile. Sababu zake ni kadhaa, na si zote za kujivunia: watu waliofika Benaco walikuwa na afya bora zaidi, maji yalipatikana japo kwa taabu, na kwa sababu ya Warundi wa mwaka uliotangulia tayari palikuwa na watumishi na akiba fulani ya vifaa. Lakini tathmini ya pamoja ya misaada kwa Rwanda, iliyotolewa na nchi wafadhili mwaka 1996, ilitaja pia sababu ya kiutawala. Ngara, UNHCR na Wizara ya Mambo ya Ndani walikubaliana kuzuia mlango. Shirika halikuruhusiwa kufanya kazi kambini mpaka lipangiwe sehemu yake: huyu maji, yule hospitali, mwingine mgao wa chakula. Yasiyohitajika yaligeuzwa njiani. Goma, kinyume chake, kila aliyekuwa na bendera na gari aliingia.

Hapo ndipo penye kiini cha mfumo wa Ngara. UNHCR ilikuwa na fedha, ambazo Serikali haikuwa nazo. Serikali ilikuwa na sheria na ardhi, ambazo UNHCR haiwezi kuwa nazo popote duniani. Fedha bila kibali cha Wizara zisingeweza kufungua hata choo kimoja Benaco, na kibali bila fedha kisingemlisha mtu. Basi wakubwa hawa wawili waliheshimiana, na heshima hiyo ikaitwa ushirikiano. Kwa mashirika madogo hali ilikuwa nyingine. Yalifungwa kwa mikataba ya muda mfupi na kuitwa washirika watekelezaji, msamiati unaofaa kutazamwa kwa makini. Shirika, katika asili yake ya Kiarabu na katika matumizi ya kale ya Waswahili, ni hali ya kugawana mali au kazi. Washirika wa jahazi hugawana faida na hasara. Mtekelezaji hagawani kitu, hutimiza alichoagizwa. Kuyaunganisha maneno hayo mawili ni kumwita mtu mwenye chombo huku akilipwa ujira wa baharia.

Hata hivyo utaratibu huo ulifanya kazi, na mtu mwadilifu hana budi kukiri kwamba uliokoa maisha. Pengine lililosaidia zaidi ni kwamba kila mmoja alijua mipaka ya mwenzake. Mahali ambapo kanuni zinajulikana na mtoa kanuni anafahamika, mdogo anaweza kumtegemea mkubwa bila kumpenda.

Mwenye orodha

Palikuwa na mshirika wa tatu ambaye hakutajwa katika mkataba wowote. Watu walivuka Rusumo wakiwa wamepangika kikomini, na walipofika Benaco walipanga vibanda vyao kwa mpangilio ule ule. Kwa shirika lenye haraka ya kulisha watu robo milioni, hilo lilionekana kuwa ni neema. Viongozi waliulizwa wana watu wangapi, wakataja idadi, wakapewa chakula cha idadi hiyo ili wakigawe. Kwa tendo hilo moja, uongozi uleule ambao sehemu yake ilikuwa imesimamia mauaji nchini Rwanda ulirudishiwa mamlaka, safari hii kwa njia ya mahindi na maharagwe. Hesabu zilipofanywa upya, idadi ilishuka kwa kiasi kikubwa. Chakula cha watu wasiokuwapo kilikuwa kimekwenda mahali.

Mfano wa Jean-Baptiste Gatete unajulikana. Alikuwa zamani mkuu wa komini ya Murambi, na Benaco alikuwa mtu mwenye sauti. Mwezi Juni 1994, UNHCR na polisi walipojaribu kumwondoa kambini, maelfu ya watu, wengine wakiwa na mapanga, waliwazunguka watumishi wa misaada, na kazi ikavurugika kwa muda. Serikali iliongeza polisi, na UNHCR ikachangia gharama zao. Jambo hilo lilizidi kuwafunga wakubwa wawili kwa kamba moja, kwa kuwa sasa hata ulinzi wa mwenye nchi uliegemea mfuko wa mgeni. Gatete alikamatwa mwaka 2002 nchini Kongo-Brazzaville. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimhukumu mwaka 2011 kifungo cha maisha kwa kosa la mauaji ya kimbari, na mwaka 2012 rufani ikapunguza adhabu hadi miaka 40. Mwaka 1994 mambo hayo yalikuwa bado yamefichwa na wakati, lakini hayakufichika kwa watu wa kambini.

Ni vigumu kuyalaumu mashirika kwa kutumia orodha zilizokuwapo katika wiki za kwanza. Lawama inaanza pale orodha zilipoendelea kutumika baada ya kujulikana zilivyo. Hapa nguvu zilikaa mahali pasipotarajiwa: mwenye ghala alimtegemea mwenye orodha, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyewajua watu kwa majina. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilijitoa katika kambi za Wanyarwanda za Zaire na kisha za Tanzania mwishoni mwa mwaka 1994, likieleza kwamba misaada ilikuwa inawaimarisha wauaji. Matawi mengine ya shirika hilo hilo yalibaki kwa muda, yakisema kwamba mgonjwa haachwi kwa sababu ya jirani yake. Mabishano hayo hayajakwisha hadi leo, lakini kwa mada hii yanaonyesha jambo moja bayana: mtekelezaji hakuweza kubadili kanuni, na nguvu pekee aliyosalia nayo ilikuwa ni kuondoka. Mkimbizi wa kawaida hakuwa nayo hata hiyo.

Lugha za kambini

Wachambuzi wengi wa kipindi hicho wameandika juu ya fedha na siasa. Wachache wamegusa lugha, ingawa lugha ndiyo iliyokuwa barabara ya taarifa zote. Mikutano ya uratibu iliendeshwa kwa Kiingereza. Watumishi kadhaa wa kigeni walijua Kifaransa, na hivyo waliweza kuzungumza moja kwa moja na tabaka la wakimbizi waliosoma, ndio walewale wakuu wa komini, walimu na makarani. Polisi, makamishna na watendaji wa Tanzania walifanya kazi kwa Kiswahili. Umma wa kambini ulisema Kinyarwanda au Kirundi. Kwa hiyo malalamiko ya mwanamke mjane aliyepunjwa unga yalipaswa kuvuka lugha mbili au tatu kabla ya kufika katika meza ya mwenye uamuzi, na kwenye kila kivuko palikuwa na mtu ambaye pengine alikuwa na sababu ya kuyapunguza makali.

Ajabu ni kwamba watu wa kuziba pengo hilo walikuwapo. Mhangaza, Mshubi na Muha waliyasikia ya kambini kwa masikio yao wenyewe, na wakati huo huo walijua Kiswahili. Wengi waliajiriwa, lakini kama madereva, walinzi, wauguzi na wakalimani. Ujuzi wao wa lugha ulinunuliwa na ushauri wao ukaachwa. Redio ilitambua mapema zaidi thamani ya ujuzi huo. Mwaka 1995 shirika la Kijesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha kituo cha utangazaji Ngara na kukiita Radio Kwizera. Kitenzi kwizera, katika Kinyarwanda na Kirundi, hubeba kwa pamoja maana ambazo Kiswahili huzitenganisha katika kuamini na kutumaini. Kwa watu waliofika wakiwa wameshasikia redio ikitumika Rwanda kuchochea mauaji, uteuzi wa jina hilo haukuwa wa bahati.

Maneno ya Kiswahili nayo yalikuwa yakifanya kazi yake. Mkimbizi ni neno la zamani, lililoundwa kwa njia ile ile iliyotupa mlezi kutoka -lea na mpokezi kutoka -pokea, ambako sauti l iliyokwisha kupotea hujitokeza tena kama z. Linamtaja mtu kwa tendo lake, la kukimbia. Mfadhili, kwa upande wake, humtaja mtu kwa fadhila zake, na fadhila ni jambo linalodai shukrani. Mahali ambapo mmoja ameitwa mkimbizi na mwingine mfadhili, sarufi tayari imekwisha kuamua nani atasema asante. Mtafiti wa Kidenmark Simon Turner, aliyefanya kazi katika kambi ya Warundi ya Lukole wilayani Ngara katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, aliwasikia wanaume wakinung'unika kwamba wake zao sasa wanamwona UNHCR kuwa ni mume aliye bora, maana yeye ndiye anayelisha na kuvisha. Wahenga wa Kiswahili wangeyaelewa machungu hayo bila ufafanuzi. Mtu anaweza kupokea chakula cha mwingine kila siku kwa miaka mitatu pasipo kumwamini hata siku moja.

Wenyeji

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanakijiji wa Ngara na wa Biharamulo jirani walifanya hivyo hasa, kinyume cha kanuni. Wakimbizi hawakuruhusiwa kutoka nje ya kambi kwa umbali mkubwa wala kulima watakapo, lakini walifanya vibarua katika mashamba ya wenyeji kwa ujira mdogo au kwa ndizi, na mazao yakaongezeka. Masoko yalichangamka. Wenye magari na maduka walitajirika, na kijana aliyejua Kiingereza kidogo alipata mshahara ambao baba yake hakuuota. Kwa upande wa pili, misitu ilikatwa kwa ajili ya kuni hadi vilima vikabaki vitupu, visima na mifugo vikapungua, wizi wa kutumia silaha ukaenea, na hospitali ya Murgwanza ikaelemewa. Walimu na wauguzi wa Serikali waliacha kazi zao na kwenda kwa mashirika, ambako walilipwa mara kadhaa zaidi. Hivyo taasisi ya mwenyeji ilidhoofishwa na taasisi ya mgeni pasipo mtu yeyote kunuia ubaya.

Malipo kwa wenyeji yalikuja baadaye, katika umbo la barabara, madarasa, visima na mpango maalumu wa Serikali kwa maeneo yaliyoathiriwa na wakimbizi. Yalikuwa ya manufaa. Lakini yalikuja kama fadhila, kwa kuwa kijiji hakikuwa upande wa mkataba wowote. Makubaliano yalifanywa Dar es Salaam na Geneva. Wilaya ilipewa taarifa, na kata ilipewa amri. Katika mtandao mzima wa vyombo vilivyoiongoza Ngara, serikali ya kijiji ndiyo iliyokuwa na ardhi inayokaliwa kwa kweli, na ndiyo iliyokuwa haina kiti.

Pengo hilo lilikuwa na gharama ya kisiasa. Manung'uniko ya mpakani yalipanda hadi Bungeni na katika kampeni za uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995, na Serikali, ambayo hadi hapo haikuwauliza wanakijiji, sasa ilianza kusema kwa niaba yao. Tarehe 31 Machi 1995 ilikuwa imekwisha kufunga mpaka wake na Rwanda na Burundi. UNHCR ilipinga. Wafadhili walioelekea kulaumu walikuwa wao wenyewe wamepunguza michango, na kutoka kwa mtu wa aina hiyo lawama haikuwa na uzito.

Tamko la majina mawili

Mwezi Novemba 1996 kambi za mashariki mwa Zaire zilivunjwa kwa vita, na mamia ya maelfu ya Wanyarwanda wakarudi kwao kwa miguu. Tarehe 5 Desemba, Serikali ya Tanzania na UNHCR walitoa ujumbe kwa wakimbizi wote wa Rwanda walioko nchini: walitarajiwa kurejea makwao ifikapo tarehe 31 Desemba. Ujumbe ulibeba majina ya wote wawili.

Kitenzi cha ujumbe huo kilikuwa katika kauli ya kutendwa, kwa Kiingereza kama inavyotafsirika kwa Kiswahili. Wanatarajiwa. Nani anayewatarajia hakusemwa, na kauli ya kutendwa haimlazimishi mtu amseme. Shirika ambalo kazi yake kisheria ni kulinda hiari ya mkimbizi halikuandika kwamba linaamuru. Dola ambayo ilikusudia kuamuru haikulazimika kuamuru peke yake. Utegemezi wa miaka mitatu baina ya mwenye fedha na mwenye ardhi ulikuwa umefika mahali ambapo hata kiima cha sentensi kiliweza kufichwa kwa ridhaa ya wote wawili.

Wakimbizi wenyewe waliuelewa ujumbe barabara. Kuanzia tarehe 12 Desemba makundi makubwa yaliacha kambi na kuelekea upande usio wa Rwanda, ndani ya Tanzania, wengine wakichochewa na viongozi wao na wengine kwa hofu yao wenyewe. Jeshi na polisi waliwazuia na kuwageuza kuelekea Rusumo. Kufikia mwisho wa mwezi karibu watu nusu milioni walikuwa wamevuka. Mashirika ya haki za binadamu, Amnesty International miongoni mwao, yalilaani kwamba urejeshaji huo haukuwa wa hiari, na yaliielekezea UNHCR lawama kali zaidi kuliko Serikali. Hukumu hiyo ina haki ndani yake. Serikali ilitenda kama dola zinavyotenda zikichoka. Aliyetoa jina lake kwa mwenzake ndiye aliyekuwa ameaminiwa na wasio na jina. Mwanazuoni Beth Whitaker, katika uchunguzi wake wa mwaka 2002, alieleza jinsi vipaumbele vya shirika hilo vilivyokuwa vimebadilika kwa shinikizo la wafadhili na la nchi mwenyeji. Ufafanuzi huo unatosha kueleza kilichotokea, ingawa hautoshi kukihalalisha.

Mtendaji wa kijiji

Warundi walibaki, na Lukole iliendelea kuwapo kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1998 Bunge lilitunga Sheria mpya ya Wakimbizi badala ya ile ya 1965. Neno udhibiti liliondolewa katika jina, ingawa sehemu kubwa ya mamlaka ya Waziri ilibaki.

Sheria hiyo ina kifungu kinachorudisha mambo hadi mahali yalipoanzia. Kila anayeingia nchini akitaka hifadhi hutakiwa, ndani ya siku saba, kujitokeza mbele ya afisa aliyeidhinishwa aliye karibu, au hakimu wa amani, au afisa mtendaji wa kijiji. Kwa hiyo mlango wa kwanza wa mfumo mzima, wenye Wizara na Umoja wa Mataifa na mikataba ya kimataifa nyuma yake, unaweza kuwa ni ofisi ya matofali katika kijiji cha kata kama Murusagamba, na mtu mmoja mwenye daftari, mhuri na baiskeli. Ni yeye atakayemsikiliza mvukaji, pengine kwa lugha ambayo wote wawili waliinyonya kwa mama zao, kisha aandike taarifa kwa Kiswahili kwenda wilayani. Alipokabidhiwa jukumu hilo hakuongezewa fedha wala kiti katika kikao chochote kinachoamua hatima ya aliyemwandika. Sheria yenyewe ilitungwa kwa Kiingereza, na miaka 23 ilipita kabla ya Bunge, kwa marekebisho ya mwaka 2021, kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi.